Mitumba kwa asiyevaa mnyama: maswali yenu

Wasomaji walioacha vitu vinavyotokana na wanyama wametuletea maswali mengi kuhusu mitumba. Nguo iliyotumika ni nafuu, inaokolewa isitupwe, na haimwagizi mfugaji wala kiwanda kitu kipya. Lakini kwenye mitumba ndiko ngozi, sufu na hariri zinakojificha kirahisi zaidi, kwa kuwa lebo zimekatwa, zimefifia, au zimeandikwa kwa lugha usiyoisoma. Haya hapa majibu.

SWALI: Mimi ni vegani wa miaka mingi. Rafiki yangu anasema sweta la sufu la mtumba halina tatizo kwa sababu kondoo hapati madhara mapya. Ana hoja? — Msomaji mwenye shaka

JIBU: Ana nusu ya hoja. Pesa ya mtumba haimfikii mfugaji moja kwa moja, na hilo si jambo dogo. Ila mtu anayenunua koti jipya la ngozi huku akijua kwamba baada ya miaka miwili ataliuza kwa bei nzuri, hulipa bila kusita, kwa kuwa soko la mitumba litamrudishia sehemu ya gharama. Tena koti zuri la ngozi halikosi mnunuzi. Ukilichukua wewe, mwenzako aliyekuwa akilitafuta huenda akaingia duka la nguo mpya. Na ukilivaa barabarani, hakuna ajuaye kwamba ni la mtumba. Watu wanaona ngozi iliyokupendeza, basi.

Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, kinaeleza kwamba kuwa vegani ni kuepuka unyonyaji na ukatili kwa wanyama, iwe kwa chakula, mavazi au kusudi lingine lolote, kwa kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Maneno hayo ya mwisho yana kazi yake. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyekosa glavu za kitambaa kisichoshika moto asijilaumu kwa kuchukua za ngozi zilizotumika. Mikono yake inahitaji kinga. Sweta ni habari nyingine. Kwenye rundo lile lile kuna la pamba nzito, la akriliki, na jaketi la flisi. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: usilipie nyuzi wala ngozi ya mnyama, hata iliyotumika, pale ambapo mbadala upo mkononi. Vitu ulivyokuwa navyo kabla hujabadilika, vivae mpaka viishe au mpe anayevihitaji. Kuvitupa hakumrudishii mnyama chochote.

SWALI: Sweta halina lebo kabisa. Nitajuaje kama ni sufu au akriliki? — Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada, kidole peke yake kinadanganya. Sufu ukiikunja ngumini na kuiachia hufunguka yenyewe, tofauti na pamba inayobaki na makunyanzi. Tatizo ni kwamba akriliki nayo hufunguka, na ilitengenezwa makusudi iige sufu. Unahitaji uzi. Mwombe muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, kisha ukaupime nyumbani. Usiwashe moto katikati ya nguo za watu.

Kipimo cha kwanza ni moto. Kata uzi wa sentimita 5, ushike kwa kibano cha chuma juu ya bakuli la chuma lenye maji kidogo, karibu na dirisha lililo wazi, nywele na kitenge vikiwa mbali. Sogeza mwali polepole kutoka pembeni na utazame mambo matatu: uzi unafanya nini ukikaribia moto, unawakaje, na unaacha nini.

Sufu hujikunja kuukimbia mwali, huwaka polepole, na mara nyingi huzima yenyewe ukiuondoa moto. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na masalia yake ni meusi yanayosagika kwa vidole. Hariri hufanya vivyo hivyo kwa harufu hafifu zaidi. Hariri ya zamani iliyoongezewa uzito kwa chumvi za madini inaweza kuacha jivu linalobaki na umbo la uzi ule ule, kwa hiyo usishangae. Pamba, kitani na viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa miti) huwaka upesi, ncha huendelea kuwa na kaa jekundu hata mwali ukizimika, hunuka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha donge gumu lisilosagika. Usiliguse kabla halijapoa, maana hunata kwenye ngozi na kuunguza. Akriliki hushika moto haraka, hudondosha matone yanayowaka, na huacha donge jeusi lisilo na umbo.

Kipimo hiki huwashinda watu kwenye nyuzi za mchanganyiko. Sweta lenye sufu kidogo na akriliki nyingi hutoa harufu ya nywele na donge gumu kwa pamoja, na anayetazama donge tu hujiambia ni akriliki tupu. Kabla ya kuchoma, usokotoe uzi kinyume mpaka nyuzi zake ndogo ziachane, halafu pima kila mmoja peke yake. Kama sweta lina mistari ya rangi mbili, pima rangi zote mbili, kwa sababu si lazima zitoke kwenye uzi wa aina moja.

Kipimo cha pili ni cha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, na kwa mchanganyiko ndicho tunachokiamini zaidi. Vaa glavu. Weka kipande cha uzi cha sentimita 3 kwenye glasi, mimina vijiko viwili vya mezani vya dawa isiyochanganywa na maji, uache saa kadhaa. Sufu na hariri ni protini, kwa hiyo hugeuka njano, hutoa viputo na kuyeyuka. Pamba, viskosi, poliesta na akriliki hubaki. Uzi ukipungua unene lakini usiishe, hapo pana mchanganyiko. Kwenye glasi ya pili weka unywele wako mmoja kwenye dawa hiyo hiyo. Unywele nao ni protini, na usipodhurika, dawa yako imechuja: klorini hupoteza nguvu chupa ikikaa muda mrefu, na dawa za kung'arisha zisizo na klorini hazifai kwa kazi hii. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

SWALI: Muuzaji anaapa begi ni la ngozi bandia. Nimwamini? — Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Huenda anasema ukweli anaoujua, ila wewe tazama ukingo. Tafuta mahali palipokatwa: ncha ya mkanda, ndani ya mfuko, chini ya zipu, tundu la bizimu ya mkanda. Ngozi halisi inaonyesha vinyuzi vilivyovurugika kutoka juu hadi chini, bila tabaka la kitambaa. Ngozi bandia ina tabaka mbili, plastiki juu na kitambaa kilichofumwa chini, na mara nyingi utaona nyuzi zikining'inia. Upande wa juu, vitundu vya ngozi halisi havina mpangilio, wakati bandia hurudia mchoro ule ule kila baada ya sentimita chache.

Kinachowapotosha hata wazoefu ni ngozi ya mabaki. Hii ni vumbi na vipande vya ngozi vilivyogandishwa kwa gundi, vikabandikwa juu ya kitambaa na kufunikwa kwa plastiki. Ukingo wake una kitambaa, juu pana mchoro unaojirudia, na bado ndani yake yumo mnyama. Lebo yake ikiwepo husema "bonded leather". Chubua kidogo mahali ambapo tayari pamebanduka: ukiona kati ya plastiki na kitambaa tabaka la kahawia linalomeguka vumbi lenye vinyuzi, acha. Na "split leather" ni ngozi halisi, tabaka la chini la gozi, hata ikiwa imepakwa plastiki nene.

Ukishathibitisha kwamba ni bandia, kagua uzima wake, maana hapa wengi hupoteza pesa. Plastiki ya poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa hata begi likiwa kabatini halijatumika. Dalili ni kunata, kisha magamba, na hakuna rangi wala mafuta ya kuirudisha. Kunja ukosi, kiwiko, kwapa na mpini wa begi, halafu usugue kwa kidole gumba mara kumi. Vipande vidogo vikitoka leo, begi lote litafuata. PVC, plastiki nyingine ya ngozi bandia, hufa kwa njia tofauti: hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Begi la turubai au nailoni nene lililotumika kwa kawaida litakutumikia muda mrefu kuliko yote hayo, na halikupi mashaka haya hata kidogo.

SWALI: Viatu je? Ndani naona michoro midogo. — Msomaji wa kila mwezi

JIBU: Michoro hiyo ni msaada mkubwa. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1994, viatu vinavyouzwa katika nchi zake hubeba alama za sehemu tatu: sehemu ya juu, bitana pamoja na kilalio cha ndani cha unyayo, na soli ya nje. Mchoro wa gozi lililotandazwa ni ngozi. Gozi lenye umbo la almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa plastiki. Wavu uliofumwa ni kitambaa. Almasi tupu ni nyenzo nyingine, kwa kawaida plastiki au mpira.

Mitego ni miwili. Almasi tupu na almasi iliyo ndani ya gozi hufanana sana stika ikishachakaa, kwa hiyo tafuta mstari wa nje wa gozi ukitumia mwanga wa simu. Pili, alama inahusu nyenzo inayofikia angalau asilimia 80 ya sehemu husika. Kiatu chenye alama ya kitambaa kinaweza kuwa na kipande cha ngozi kisiginoni bila kuvunja sheria. Kagua kwa macho pia. Sheria inadai alama iwe kwenye kiatu kimoja cha jozi tu, basi usipoiona upande wa kulia tazama wa kushoto.

Soli za poliyurethani zilizokaa miaka mingi humeguka ghafla siku ya kwanza ya kuvaliwa. Bonyeza ukucha kwenye ukingo wa soli: ikibaki na shimo au ikitoa unga, rudisha. Soli ya mpira wa kawaida haina ugonjwa huo. Kuhusu gundi, viwanda vya viatu vya leo hutumia zaidi za kutengenezwa na kemikali. Ndani ya kiatu kilichokwisha gundishwa huwezi kuhakiki, na hatuoni sababu ya kukosa usingizi kwa hilo.

SWALI: Naomba maneno ya kuangalia kwenye lebo. — Fundi cherehani

JIBU: Fundi, nguo za mitumba husafiri, kwa hiyo jifunze lugha kadhaa. Sufu ni "wool", "laine", "lana" au "Wolle". Ukiona "Schurwolle" ni sufu mpya ya kondoo. Hariri ni "silk", "soie", "seta", "seda" au "Seide". Ngozi ni "leather", "cuir", "cuero", "pelle" au "Leder". Lebo nyingine zina vifupisho: WO na WV ni sufu, WS kashmiri, WM moheri ya mbuzi, WA angora ya sungura, WP alpaka, SE hariri. CO ni pamba na LI kitani, hizo hazina shida. Alama ya Woolmark, michirizi iliyosokotana kama donge la uzi, imekuwapo tangu 1964, na ni ya sufu bila ubishi.

Baadhi ya majina yanatisha bure na mengine yanatuliza bure. "Moleskin" ni pamba nzito, hakuna fuko aliyechunwa. "Satin" ni namna ya ufumaji. Inaweza kuwa hariri au poliesta, na mahameli vivyo hivyo. "Flannel" inaweza kuwa pamba au sufu. "Felt" ya kofia mara nyingi ni sufu au manyoya ya sungura. "Camel" kwenye koti inaweza kuwa rangi tu, au manyoya halisi ya ngamia, soma asilimia. Nguo za Marekani zinaweza kuwa na namba inayoanza na WPL, iliyotokana na sheria ya bidhaa za sufu ya 1939. Namba hiyo inamtambulisha mtengenezaji, ambaye huenda akashona pamba pia, kwa hiyo si ushahidi kwamba nguo hiyo ni ya sufu.

Sentensi moja ya kuikariri: "Contains non-textile parts of animal origin". Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1007 ya mwaka 2011 inataka maneno hayo yawekwe, kwa lugha ya nchi husika, nguo inapokuwa na sehemu ya mnyama isiyo kitambaa, kama ukosi wa manyoya, kiraka cha ngozi au kifungo cha pembe. Nguo za kabla ya kanuni hiyo hazina onyo hilo.

Kwa majaketi yaliyojazwa, namba kama 90/10 kwa kawaida humaanisha asilimia 90 manyoya laini ya ndege na 10 ya kawaida, na "fill power" ni kipimo cha jinsi manyoya hayo yanavyotanuka. Bila lebo, minya jaketi kwa vidole viwili ukitembeza polepole: vijiti vyembamba vinavyochoma ni mashina ya manyoya.

SWALI: Nimepata suti ya pamba asilimia 100. Niko salama? — Bwana harusi mtarajiwa

JIBU: Hongera, lakini bado. Lebo ya suti huzungumzia kitambaa cha nje na bitana. Yaliyo katikati hukaa kimya. Suti iliyoshonwa kwa ufundi wa zamani ina turubai kifuani, na turubai hiyo huwa na manyoya ya mkia wa farasi au ya mbuzi ili isimame. Shika kitambaa cha mbele chini ya kifungo cha mwisho, vuta nje na bitana zitengane. Ukihisi tabaka la tatu linaloteleza katikati, kuna turubai. Usipohisi, sehemu hiyo imegundishwa kwa pasi, na gundi hiyo ni plastiki. Kifuani, nywele ngumu zinazochomoza kupitia bitana ni za farasi.

Kisha inua ukosi. Kitambaa kile cha chini kisichofumuka nyuzi, mara nyingi cha rangi inayokaribiana na suti, kwa kawaida kina sufu. Fundi anaweza kukibadilisha kwa feliti ya poliesta: anafumua mshono wa nje tu, anakata kipya kwa kufuata cha zamani, anakishona kwa zigizagi. Turubai hatukushauri uibadilishe. Kazi yake ni kubwa na koti hupoteza umbo. Afadhali tafuta suti nyingine.

Vifungo ni rahisi. Gusa shavuni: gamba la chaza ni baridi na zito, plastiki hupata joto upesi. Pembe ina michirizi inayopita hadi nyuma, mfupa una vitone vidogo. Kifungo kinachofanana na pembe ya ndovu huenda ni cha kokwa la mnazi wa tagua, ambao ni mmea, basi usikikate kwa haraka. Vya kubadilishia, pima kipenyo kwa milimita: mbele ya koti ni takriban 20, mikononi 15, shati 11. Nunua kimoja cha ziada.

SWALI: Nguo zangu sasa ni akriliki na poliesta za mitumba. Je, sijahamishia madhara baharini? — Msomaji anayejali bahari

JIBU: Swali la haki, na tunafurahi umeliuliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, mwaka 2016, walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zinaweza kutoa zaidi ya vinyuzi 700,000 kwa ufuaji mmoja. Mchanganyiko wa poliesta na pamba ulitoa vichache sana ukilinganisha na huo. Kwa hiyo, ukiwa na chaguo, chukua pamba au kitani. Akriliki uliyo nayo ifue ikichafuka kweli, kwa maji ya nyuzijoto 30, mzunguko mfupi, mashine ikiwa imejaa vya kutosha ili nguo zisisuguane ovyo kwenye maji mengi. Kuna mifuko ya wavu mwembamba ya kufulia inayonasa vinyuzi; kilichonaswa kikusanye kwa mkono na ukitupe kwenye taka, usikisuuze kwenye sinki.

Tazama pia unachofulia. Sabuni za kipande nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, yanayoandikwa "sodium tallowate", na dawa za kulainisha nguo zinaweza kuwa na mafuta hayo hayo. Sabuni maalumu za nguo za sufu zinaweza kuwa na lanolini, mafuta yatokayo kwenye sufu ya kondoo. Vijiko viwili vya siki nyeupe kwenye maji ya kusuuzia vinatosha kulainisha, mradi nguo haina klorini.

SWALI: Nanunua kwa picha mtandaoni. Niombe nini? — Asiye na muda wa kuzunguka

JIBU: Omba picha nne: lebo zote pande mbili, ukingo uliokatwa au sehemu ya ndani ya mshono, vifungo kwa karibu, na kiraka cha kiunoni kama ni jinzi. Kiraka cha jinzi za siku hizi mara nyingi ni karatasi ngumu; kikiwa cha ngozi nawe umeipenda suruali, fumua kwa kifaa cha kufumulia, si kwa mkasi unaokata kitambaa, na vitundu vitajifunga baada ya kufua mara chache. Usiulize "ni ya vegani?", kwa sababu muuzaji atajibu ndiyo kwa nia njema. Uliza "lebo inasema nini, neno kwa neno?" Kwa ukosi wenye manyoya omba picha moja zaidi, manyoya yakiwa yametenganishwa hadi kwenye shina: kitambaa kilichofumwa ni bandia, ngozi laini isiyo na nyuzi ni mnyama. Usitegemee maelezo ya tangazo, kwa maana manyoya halisi yameuzwa mara nyingi kwa jina la bandia. Muuzaji asipotaka kupiga picha ya ndani, tafuta nguo nyingine.